Mbunge Aliyekataa Mshahara

Ndugu msomaji, nitakayekusimulia habari zake leo si Mwislamu, wala hakupata kuiona nchi ya Waislamu. Lakini amana ni amana, na aliyeitunza hustahili kutajwa.

Tanaka Shozo alizaliwa Japani mwaka 1841, katika kijiji cha Konaka. Babake alikuwa jumbe, naye akaushika ujumbe huo angali kijana. Bwana mwenye ardhi alipowabana raia, Tanaka alisimama upande wao, akatiwa gerezani. Mwaka 1880 alichaguliwa katika baraza la mkoa wa Tochigi, akawa mwenyekiti wake mwaka 1886, na Bunge la kwanza la Japani lilipofunguliwa mwaka 1890 naye alikuwamo.

Hapo ndipo mtihani ulipomjia. Milimani kwao palikuwa na mgodi wa shaba wa Ashio, mali ya tajiri Furukawa Ichibei. Taka za mgodi ziliteremka na mto Watarase. Samaki wakafa, na kila mto ulipofurika sumu ilibaki katika mashamba ya mpunga. Mwaka 1891 Tanaka aliihoji serikali Bungeni. Waziri aliyehusika alikuwa Mutsu Munemitsu, na mtoto wa waziri huyo alikuwa amefanywa mwana wa kulea na Furukawa! Wewe msomaji, ungetarajia jibu gani?

Aliuliza mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1899 wabunge walijiongezea mshahara kutoka yeni 800 hadi 2,000. Tanaka alipinga, na aliposhindwa kwa kura hakukataa nyongeza peke yake. Aliuacha mshahara wote. (Ni wangapi tuwajuao wangefanya hivyo?)

Mwaka 1901 alijiuzulu ubunge, na tarehe 10 Desemba akaukimbilia msafara wa mfalme, barua ya malalamiko mkononi. Walinzi wakamkamata, kisha akaachiwa, ikasemwa kuwa ana wazimu.

Mwaka 1904 alihamia Yanaka, kijiji ambacho serikali ilitaka kukigeuza bwawa la kuzuia mafuriko. Nyumba za waliokataa kuhama zilibomolewa mwaka 1907, naye akabaki pamoja nao. Alipofariki mwaka 1913, mali yake ilikuwa mkoba mmoja: Injili, katiba ya nchi, daftari zake na vijiwe alivyookota njiani.

Mgodi ulifungwa mwaka 1973. Mwaka uliofuata, miaka 61 baada ya kufa kwake, kampuni ilikubali kuwalipa fidia wakulima wa bonde lile.