Kujitegemea kwa Mmoja na Kujitegemea kwa Wengi

Katika mwaka wa 1841 Ralph Waldo Emerson, mkazi wa mji mdogo wa Concord katika jimbo la Massachusetts, Marekani, alitoa kitabu cha insha, na mojawapo ya insha hizo ilikuwa na jina ambalo kwa Kiswahili ni Kujitegemea. Katika mwezi wa Machi mwaka wa 1967 Julius Kambarage Nyerere, Rais wa Tanzania, alitoa maandishi yaliyoitwa Elimu ya Kujitegemea. Katika Kiingereza majina ya maandishi haya mawili yana neno lile lile. Lakini baina yake imo miaka 126, bahari pana, na tofauti ya maana iliyo kubwa kuliko bahari hiyo. Mwanafunzi wa sekondari akaaye Igogo, katika jiji la Mwanza, akifunguliwa insha ya Emerson katika somo la Kiingereza, hana budi kuyasikia maandishi yote mawili kwa pamoja. Neno analoelezwa ubaoni kuwa ni la Kimarekani lina historia yake nyumbani kwao, na wako watu walioilipia gharama yake. Somo lisiloijua historia hiyo litampa msamiati, wala halitampa maana.

Yafaa kwanza waandishi wa Concord waelezwe kwa haki. Emerson alizaliwa mwaka wa 1803. Alikuwa mchungaji wa kanisa mjini Boston, akajiuzulu mwaka wa 1832 kwa sababu hakuweza tena kuendesha ibada ambayo moyo wake haukuikubali. Mwaka wa 1836 alitoa kitabu kidogo juu ya maumbile, na mwaka huo huo yeye na wenziwe wakaanza kukutana kwa mazungumzo. Falsafa yao iliitwa transendentalizimu, na jina hilo ni gumu kuliko fikira yenyewe. Walishika kwamba mtu hapati ukweli kwa macho na masikio tu, wala kwa vitabu na wakuu wa dini tu. Katika kila nafsi umo mwanga uwezao kuujua ukweli bila ya mpatanishi. Ikiwa ni hivyo, basi mtu afuataye desturi kwa kuogopa macho ya watu amejidhulumu mwenyewe. Hii ndiyo maana ya kujitegemea kwa Emerson. Hakusudii kulima chakula cha kutosha; akusudia kuiamini fikira yako hata pale ambapo jamii nzima imeikataa.

Henry David Thoreau, aliyezaliwa mwaka wa 1817 katika mji huo huo wa Concord, alitaka kuijaribu fikira hiyo kwa maisha yake mwenyewe. Tarehe 4 Julai 1845 alihamia katika kibanda alichokijenga kando ya ziwa dogo la Walden, akakaa huko miaka 2 na miezi 2. Katika mwezi wa Julai mwaka wa 1846 alitiwa kifungoni kwa kuwa hakulipa kodi ya kichwa. Hakuizuia kwa ubahili. Serikali ya nchi yake ilikuwa imeanza vita na Meksiko, na sheria zake ziliulinda utumwa. Thoreau aliona kwamba mtu mwenye dhamiri haifai kuitii serikali ya namna hiyo kana kwamba hayamhusu. Alilala kifungoni usiku mmoja. Asubuhi alitolewa, maana mtu mwingine alikuwa amekwisha kumlipia kodi yake, tena bila ya yeye kutaka. Katika usiku ule ilipata asili insha iliyochapishwa mwaka wa 1849, ambayo baada ya kufa kwake mwaka wa 1862 ilikuja kujulikana kwa jina la Uasi wa Kiraia. Hoja yake yaweza kuelezwa kwa maneno machache: sheria ikimtaka mtu awe chombo cha kumdhulumu mwingine, na aivunje sheria hiyo waziwazi, kisha aipokee adhabu yake bila ya kujificha. Mwaka wa 1907 M. K. Gandhi aliitambulisha insha hiyo kwa wasomaji wa gazeti lake la Indian Opinion huko Afrika ya Kusini, wakati Wahindi wa Transvaal walipokuwa wakiikataa sheria ya kujiandikisha.

Lakini haki haitimii mpaka jambo la pili nalo lisemwe. Mke wa kwanza wa Emerson alifariki mwaka wa 1831, na urithi alioacha ulimpatia Emerson kipato cha kila mwaka, akaweza kuishi kwa kalamu na hotuba. Ardhi aliyojengea Thoreau kibanda chake ilikuwa mali ya Emerson. Kodi iliyomfunga Thoreau ililipwa na mtu mwingine. Haya hayazifanyi insha zao kuwa za uongo. Yaonyesha tu kwamba nyuma ya mtu asimamaye peke yake aghalabu wako watu wanaomshikia ngazi, na kwamba insha zao haziwasemi watu hao kwa sauti ile ile wanayomsema mwenye kupanda.

Sasa tugeukie ziwa lililo kubwa zaidi. Mwanafunzi wa Usukuma hahitaji kamusi kuelewa kodi ya kichwa ni nini, kwa kuwa wazee wake waliilipa chini ya utawala wa kikoloni. Wala hahitaji kuelezwa sana jinsi sheria iwezavyo kuingia mpaka katika shamba la mtu. Tangu mwaka wa 1947 Waingereza waliendesha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, na pamoja na mabwawa na visima zilikuja amri nyingi: kulima kwa matuta ya namna iliyoagizwa, kutia samadi, kupunguza ng'ombe. Baadhi ya amri hizo zilikuwa na faida kwa udongo. Lakini zilitolewa kama amri, na aliyezivunja alitozwa faini au alifungwa. Mkulima aliyejua shamba lake tangu utoto alifanywa mtu wa kuagizwa.

Pamba nayo ilikuwa na dhuluma yake. Mkulima aliileta kwa mnunuzi akiwa peke yake, na mizani ilikuwa mikononi mwa mnunuzi. Hapo kuiamini nafsi hakukumsaidia mkulima kitu. Angeweza kuwa na yakini kwamba uzito aliosomewa si wa kweli, na bado akarudi nyumbani na fedha pungufu. Dawa yake ilikuwa ni kuwa na mtu wao wenyewe wa kuitazama mizani, na mtu huyo hawezi kulipwa na mkulima mmoja. Basi wakulima waliungana. Paul Bomani wa Mwanza, aliyekuwa kwanza mtunza hesabu katika ushirika wa wafanyabiashara wa Kiafrika, alikuwa mbele katika kazi hiyo. Chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa kiliundwa mwaka wa 1952, na mwaka wa 1955 vyama vikaunganika kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Viktoria. Kabla ya uhuru ununuzi wa pamba yote ya jimbo ulikuwa umekwisha kupita katika mikono yake. Hapa kujitegemea kulikuwa na maana ambayo Emerson hakuiandika: mtu alijitegemea kwa kutegemeana na jirani yake.

Chama cha TANU, kilichoundwa tarehe 7 Julai 1954, kilizuiwa kufanya kazi katika Usukuma tangu mwishoni mwa mwaka huo mpaka mwaka wa 1958. Kizuizi hicho hakikuwanyamazisha watu. Mwaka wa 1958 serikali ilipotaka kuweka Geita baraza la wilaya lenye wajumbe wa rangi zote, katika wilaya ambayo Wazungu na Wahindi walikuwa wachache mno, wakulima walilikataa. Walikataa kushirikiana na watawala, na umati mkubwa ukaenda Mwanza kumkabili mkuu wa jimbo. Polisi waliutawanya kwa moshi wa kutoa machozi. Baadaye mpango wa kuwalazimisha watu mabaraza ya namna hiyo uliachwa. Igogo ipo kusini mwa kitovu cha mji, kandokando ya ziwa, na barabara itokayo kusini huingilia upande huo. Mwanafunzi aangaliaye dirishani wakati insha ya Thoreau inaposomwa yumo katika mji ambao hoja ya insha hiyo ilikwisha kutendwa na watu wengi ambao hawakuihitaji insha ili waitende.

Mwezi wa Agosti mwaka huo huo Nyerere alitiwa hatiani mjini Dar es Salaam kwa kuwakashifu maafisa wa serikali katika gazeti la chama chake. Alipewa kuchagua baina ya faini ya pauni 150 na kifungo cha miezi 6. Alilipa faini. Hapa wanafunzi wanaweza kupimana mawazo kwa muda mrefu na wasimalize. Thoreau alichukia kulipiwa kodi, kwa sababu kifungo kilikuwa ndicho ushahidi wa dhamiri yake. Nyerere alikubali kulipa, na uchaguzi ambao chama chake kiliazimia kushiriki ulikuwa karibu kuanza. Mtu wa kwanza aliwajibika kwa nafsi yake. Wa pili alikuwa amebeba matumaini ya watu wengi, na aliyebeba mzigo wa watu hana uhuru wa kuanguka apendapo. Haifai kumwita mmoja shujaa na mwingine mwoga. Tofauti yao ni tofauti ya nani amesimama nyuma ya kila mmoja.

Likaja Azimio la Arusha tarehe 5 Februari 1967, na mwezi uliofuata Elimu ya Kujitegemea. Kujitegemea sasa kulikuwa ni kwa taifa: nchi isiyo na fedha isiweke tumaini lake katika fedha za wageni, bali katika ardhi na kazi ya watu wake. Shule zilitakiwa ziwe na mashamba, na mwanafunzi ajifunze asijione kuwa ameepukana na jembe. Hapana shaka kwamba wazo hili lilikuwa na heshima ndani yake. Lilimkumbusha msomi kwamba mkate wake watoka katika jasho la wengine, jambo ambalo Concord ililisema kwa sauti ndogo.

Ila neno likiisha kuingia katika mikono ya dola, huweza kugeuka. Mwezi wa Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi katika vijiji ni lazima, na kwamba kazi hiyo iwe imekwisha kufika mwisho wa mwaka wa 1976. Usukuma ilikuwa nchi ya kaya zilizotawanyika, kila moja katikati ya mashamba na malisho yake. Watu walihamishwa, wengine walikubali, wengine waliondolewa kwa nguvu na nyumba zao zikabomolewa. Hesabu za serikali za mwaka wa 1977 zilitaja watu milioni 13 kuwa wamo vijijini katika nchi nzima. Na mwaka wa 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, pamoja na Nyanza, mrithi wa lile shirikisho ambalo wakulima walilijenga kwa ajili ya mizani. Kasoro za usimamizi zilikuwamo ndani ya vyama hivyo, lakini dawa iliyotolewa iliwanyang'anya wakulima chombo chao wenyewe. Sheria ya mwaka wa 1982 ndiyo iliyoruhusu vyama hivyo virudi. Mkulima aliyeagizwa matuta na Mwingereza aliagizwa tena mahali pa kujenga nyumba yake, na mara hii kwa jina la kujitegemea.

Hapo ndipo insha za Concord zilipo na kazi ya kweli katika darasa la Igogo. Zamuuliza msomaji: wengi wakikosea, mmoja afanye nini? Ushirika usio na mtu mmoja wa kusema hapana huwa kundi la kuswagwa. Na historia ya Mwanza nayo ina swali la kuwauliza Emerson na Thoreau: mmoja akiwa na haki, lakini mizani imo mikononi mwa mwingine, haki yake itampatia nini? Dhamiri isiyo na wenziwe hulala kifungoni usiku mmoja, na asubuhi mambo huwa yale yale. Waswahili waliyajua maswali yote mawili zamani, ndiyo maana walisema kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini, na wakasema pia kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Hawakuona haja ya kuifuta methali moja ili nyingine ibaki.

Insha si kitu kigeni kwa msomaji wa Kiswahili. Shaaban Robert alitoa Kielezo cha Insha mwaka wa 1954, mwaka ule ule ambao TANU ilizaliwa na kisha ikazuiwa Usukuma. Tangu zamani shuleni insha imekuwa zoezi la kupimia lugha: mwanzo, kati na mwisho, na alama pembezoni. Emerson na Thoreau wakisomwa hivyo tu watakuwa zoezi jingine. Mwalimu akitaka wasomwe sawasawa, na awaagize wanafunzi wake waende nyumbani wakawaulize wazee mambo matatu: nani alishika mizani ya pamba, nani alikwenda Mwanza mwaka wa 1958, na nyumba ya babu ilikuwa wapi kabla ya mwaka wa 1974. Majibu watakayoyaleta wayaweke mezani kando ya kitabu cha Kimarekani, kisha waandike insha zao.