Mafuvu Mawili ya Njia Panda ya Oldupai

Sanamu hizi mbili, zenye kimo cha futi 6 kila moja, ni kazi ya msanii Mtanzania Festo Kijo. Zilisimikwa Julai 2019, miaka 60 tangu Mary Leakey alipogundua fuvu la zamadamu Zinjanthropus katika Bonde la Oldupai, tarehe 17 Julai 1959.

TAZAMA NYUSO
Zinjanthropus ana mashavu mapana na ukingo wa mfupa utosini, uliobeba misuli ya taya zake zenye nguvu. Mwenzake, Homo habilis, ana uso mdogo na ubongo mkubwa zaidi. Zamadamu hawa waliishi bondeni katika zama moja, takriban miaka milioni 1.8 iliyopita.

SANAA YA WOTE
Fuvu halisi la Zinjanthropus limehifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Hapa barabarani, kati ya Kreta ya Ngorongoro na Serengeti, mfugaji, mwanafunzi na mgeni wote hulikuta katika umbo la sanaa.

ENDELEA
Katika Makumbusho ya Oldupai utaona nakala ya nyayo za zamadamu wa Laetoli, eneo lililo karibu na Endulen. Zilikanyagwa kwenye majivu ya volkano miaka milioni 3.66 iliyopita.