Skripti Fupi na Uaminifu wa Taswira ya Diski

Mhifadhi nyaraka akikabidhiwa sanduku la flopi za zamani, kazi ya kwanza ni kunakili kila diski nzima, biti kwa biti, iwe faili moja, kisha kuiweka diski yenyewe mahali isipoguswa tena. Faili hiyo ndiyo taswira ya diski. Hubeba nyaraka pamoja na mpangilio wake, tarehe zake, hata mabaki ya yaliyofutwa ambayo bado yamo katika sekta zinazohesabiwa kuwa tupu. Flopi ya kawaida ya inchi 3.5 ina sekta 2,880 za baiti 512 kila moja, yaani baiti 1,474,560. Taswira yake haina budi kuwa na idadi hiyo hiyo.

Nashikilia kwamba kazi hii ifanywe kwa skripti fupi za sheli, na sababu yangu kuu ni ushahidi, wala si wepesi. Anayebofya vitufe katika programu ya madirisha hupata faili, lakini mara nyingi hukosa maandishi yanayoeleza kikamilifu ilivyopatikana. Skripti ya mistari ishirini ni maandishi hayo. Mtafiti wa kesho ataisoma, ataihoji na, akitaka, ataiendesha upya. Zana za skripti hiyo pia ni za kudumu: amri ya kunakili ya dd imo katika mfumo wa Unix tangu miaka ya 1970, na sheli ya Stephen Bourne ilitoka na toleo la 7 la mfumo huo mwaka 1979. Kanuni za sheli hiyo bado zinafuatwa na Bash ya leo.

Tuchukue sekta iliyoharibika. Kwa kawaida dd hukoma inapokutana nayo. Ikiagizwa iendelee kwa chaguo la noerror peke yake, huiruka sekta hiyo bila kuacha nafasi yake, na kila kinachofuata husogea nyuma. Nyaraka zilizo salama kabisa huonekana zimevurugika kwa sababu anwani zake hazilingani tena. Likiongezwa chaguo la sync, pengo hujazwa sifuri na anwani hubaki sawa. Lakini kipande cha kusomea kikiwa kikubwa, sekta zisizo na kasoro zilizokuwa jirani na ile mbovu zaweza kupotea pamoja nayo. Kwa flopi, baiti 512 ndizo zinazofaa. Uamuzi wa namna hii hubadili kile ambacho vizazi vijavyo vitakiita chanzo asilia, na ndani ya skripti unaonekana wazi. Diski ikiwa mbovu sana, GNU ddrescue inafaa zaidi, kwa kuwa hutunza ramani ya sekta zilizokataa kusomwa.

Hatari haiishii kwenye kunakili. Wengi huamini kwamba kufungua taswira kwa amri ya mount yenye chaguo la kusoma tu kunatosha kuilinda. Kwa mfumo wa faili wa ext4 hakutoshi: kama diski haikufungwa vizuri, Linux yaweza kukamilisha kumbukumbu za jarida lake na hivyo kuiandikia taswira. Skripti makini huiunganisha kwanza kwa losetup katika hali ya kusoma tu, kisha hutumia chaguo la noload. Hupiga hesabu ya sha256sum kabla na baada ya ukaguzi, na alama 64 za matokeo yake zisipolingana, husimamisha kazi.

Wapo wanaosema, na si bila sababu, kwamba skripti yenye kosa hulirudia kosa hilo katika diski zote. Tena dd haiulizi mara mbili: chanzo na lengo vikibadilishana nafasi, diski iliyotakiwa kuokolewa yaweza kufutwa. Ndiyo maana kitelezi cha flopi kiwekwe upande wa kuzuia kuandika kabla ya amri yoyote, na skripti ikatae kuandika juu ya faili iliyopo, jambo ambalo dd ya GNU huliwezesha kwa chaguo la excl. Hata hivyo kosa lililoandikwa hutafutwa likapatikana, na diski zilizoathirika zikajulikana. La mkono uliobofya halina pa kutafutwa.

Vyuo vinavyofundisha ukutubi na utunzaji wa nyaraka viingize uandishi wa skripti hizi katika mafunzo ya lazima. Nayo makavazi yaihifadhi kila skripti katika folda moja na taswira iliyotokana nayo, pamoja na matoleo ya programu zilizotumika.