Safari Rally, Olkaria na Jua la Dodoma

Tangu Umoja wa Mataifa ulipozindua mwongozo wa michezo na tabianchi Desemba 2018, ni vigumu kulipata shirikisho kubwa la michezo lisilojinadi kuwa rafiki wa mazingira. Ninapoandika hapa Chang'ombe, Dodoma, katika nchi iliyopewa pamoja na Kenya na Uganda uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, swali langu ni moja: wageni wakishaondoka, teknolojia hiyo humwachia nini mwenyeji? Historia yetu wenyewe ina jibu.

Mashindano ya magari ya Safari yalianza 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Viwanda vya Ulaya na Japani vilikuja kupima magari yao katika vumbi na matope yetu, kwa kuwa ushindi wa Safari uliuza magari. Joginder Singh, Mkenya aliyeitwa Simba wa Safari, alishinda 1965, 1974 na 1976, nasi tukajivuna. Lakini tukumbuke kwamba bidhaa iliyouzwa pale ilikuwa ubovu wa barabara zetu. Mashindano hayakuwa na sababu yoyote ya kutaka ziwe bora.

Safari iliondolewa katika ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarejea 2021 huko Naivasha. Mwaka 2022 magari ya daraja la juu yalikuja na sura mpya: injini ya mafuta ikisaidiwa na mota ya umeme, na mafuta yenyewe yametengenezwa viwandani badala ya kuchimbwa ardhini. Kalle Rovanperä wa Finland akashinda. Hata hivyo, mfumo ule wa umeme ulidumu misimu mitatu tu. Kuanzia 2025 Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, liliuondoa. Uamuzi wa kuuleta ulikuwa wake, na wa kuuondoa vilevile.

Sasa tazameni jirani. Katika Hell's Gate, magari yale yalitimua vumbi karibu na mitambo ya Olkaria, inayozalisha umeme kwa mvuke wa joto la ardhini. Visima vya kwanza vya majaribio vilichimbwa miaka ya 1950, karibu sawa na umri wa Safari, na mtambo wa kwanza ukawashwa 1981. Haukujengwa kumpendeza mtazamaji yeyote. Ulijengwa kwa sababu Kenya ilihitaji umeme, na leo jotoardhi ndilo chanzo chake kikubwa kuliko vyote. Kimoja kilikuja na mashindano kikaondoka. Kingine kilitokana na haja ya nchi, kikabaki.

Somo hili linatuhusu. Bwawa la Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa, lina mtambo wa megawati 80, lakini ukame wa 2006 ulitukumbusha kwa mgawo wa umeme kwamba maji hayana ahadi. Aprili 2023 taa za Uwanja wa Benjamin Mkapa zilizimika Yanga ikicheza na Rivers United ya Nigeria, bara zima likitazama. Ni rahisi kuona aibu hiyo tukakimbilia kununua paneli za jua za kupigia picha.

Sipingi paneli. Uwanja kama Jamhuri hutumika saa chache kwa wiki, ilhali jua la Dodoma huwaka karibu kila siku. Paa lake likizalisha umeme mchana na kuuingiza katika gridi, zahanati na shule zitaufaidi siku zote zisizo na mechi. Mechi za usiku zitahitaji betri au gridi hiyohiyo. Hapo mpira utakuwa mteja mmoja miongoni mwa wengi, wala si sababu ya mradi.

Kwa hiyo, ninyi watumishi wa umma mtakaoandaa mikataba ya viwanja, andikeni mapema: nani atamiliki betri, fundi gani wa hapa atafunzwa kuzitengeneza, na umeme wa ziada utakwenda wapi. Nanyi wanafunzi na wanaharakati, iulizeni mikataba hiyo maswali hayohayo kabla filimbi ya kwanza haijapulizwa. Ikishapulizwa, macho yote yatakuwa kwenye mpira.