Jiwe zito la Uluguru na urani iliyoikwepa Lushoto

Karibu kila mji wenye boma la Mjerumani nchini una masimulizi ya mali iliyofukiwa wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, na Lushoto, iliyoitwa Wilhelmstal enzi hizo, haiko nyuma. Lakini mali moja kubwa ambayo Wajerumani waliipata milimani hawakuifukia. Waliisafirisha hadi Berlin, na ilitoka kwa ndugu wa Milima ya Usambara, iliko Lushoto: Milima ya Uluguru, Morogoro.

Huko, mwanzoni mwa karne ya 20, watu walikuwa wakichimba ulanga, yale madini angavu yanayobanduka karatasi kwa karatasi na kustahimili moto, yakitakiwa kwa vioo vya majiko na vifaa vya umeme. Ndani ya ulanga wakakuta mawe meusi, mazito kuliko chuma cha ukubwa uleule, mengine yameota gamba la njano. Vitabu vinamtaja mkemia aliyelipima jiwe hilo. Aliyelitoa ardhini havimtaji. Hilo linaniuma.

Mkemia huyo ni Willy Marckwald. Mwaka 1906 alionyesha kwamba jiwe jeusi ni mtapo wa urani, na gamba la njano ni madini ambayo hayajawahi kuelezwa popote. Akayaita rutherfordine, kwa heshima ya Ernest Rutherford.

Jambo kubwa zaidi lilifuata mjini Vienna. Karibu na mwaka 1914, Otto Hönigschmid na Stefanie Horovitz walichukua risasi iliyomo ndani ya jiwe la Morogoro wakapima uzito wa atomu zake. Risasi ya kawaida ni takriban 207.2, hii ilikuwa 206.05. Urani hugeuka risasi polepole mno, na jiwe hili lilikuwa limeitunza risasi hiyo karibu bila mchanganyiko. Ukawa ushahidi mzito kwamba elementi moja inaweza kuwa na atomu za uzito tofauti, yaani isotopu, dhana ambayo Frederick Soddy alikuwa ameipa jina mwaka 1913 na watu wengi bado walikuwa wakiitilia shaka.

Mbona basi urani hiyo haikupatikana Usambara? Miamba ya milima hii miwili ni ya ukoo mmoja, Tao la Mashariki, na ilipikwa chini sana ardhini zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita. Joto la namna hiyo huifukuza urani mwambani. Kidogo hunaswa katika mishipa kama ile ya ulanga, nyingi huondoka. Kisha ikaja mvua. Pale Magamba, juu ya mji wa Lushoto, mvua imeulowesha na kuusuuza mwamba kwa muda mrefu hadi ikabaki boksiti.

Urani huyeyuka katika maji yenye oksijeni, husafiri nayo, kisha hutulia mabondeni, kwa mfano penye mchanga uliochanganyika na mimea iliyooza. Ndiyo maana ndege zilipopima mionzi nchini mwishoni mwa miaka ya 1970, na kampuni ya Kijerumani ya Uranerzbergbau ikafuatilia, macho yaliishia mbali na vilele: Bahi, Manyoni, na mawe ya mchanga ya Mto Mkuju, Namtumbo.

Walimu wa kemia, Lushoto na Morogoro, mnapofundisha isotopu anzeni na jiwe hili la kwetu. Na Makumbusho ya Taifa yaombe walau kipande kimoja kirudi nyumbani.