Maji Kabla ya Farasi

Frere Town inajulikana kwa kengele. Mgeni akiletwa huonyeshwa ule mnara pale Kengeleni, akaambiwa habari za watumwa walioachwa huru na kuwekwa hapa na wamisionari wa CMS kuanzia 1875, kisha akapanda gari akaenda zake Nyali kula samaki. Sina neno na kengele. Lakini jioni, foleni ya Daraja la Nyali ikianza kulegea, kuna sauti nyingine inayopita barabara ya Malindi, ule mngurumo wa kukatikakatika wa Subaru. Hata mtoto wa chekechea huku anaujua bila kugeuza kichwa. Nayo ina historia, ila haijajengewa mnara.

Kila anayekaa karibu na gereji ameona mwisho wa baadhi ya magari hayo. Kijana ameweka akiba miaka, ameagiza Impreza kutoka Japani, ameliongezea nguvu, na kabla mwaka haujaisha boneti iko juu, moshi mweupe unatoka nyuma, na injini nzima inatakiwa ishushwe. Uliza kwa nini na jibu ni moja: joto la Mombasa, bwana. Mimi naona joto linasingiziwa. Tatizo ni kwamba habari za nguvu zilitufikia haraka kuliko habari za kupoza, na hali huku pwani tangu zamani maji ndiyo yaliyoamua chombo kipi kifike na kipi kibaki njiani.

Anza na reli. Ujenzi ulipoanza Mombasa 1896, tatizo la kwanza kubwa baada ya kuvuka kisiwa halikuwa simba wa Tsavo. Lilikuwa nyika ya Taru, ambako hakuna mto wala chemchemi. Maji ilibidi yapakiwe kwenye treni na kusukumwa mbele kuwafikia wajenzi, na injini yenyewe ya mvuke ilikuwa ikinywa kuliko wote. Basi treni ikawa inabeba maji ili iweze kubeba maji. Frere Town ya wakati huo ilikuwa tayari na mafundi wake. Wale Waafrika waliorudishwa kutoka Nasik, India, walikuwa wamefundishwa useremala na uhunzi huko. Kwa hiyo ukiniambia kazi ya chuma Kisauni ililetwa na gereji za juzi, nitakuomba uhesabu upya.

Magari ya mashindano yalikuja baadaye. Safari Rally ilianza 1953, na kwa miaka mingi njia yake iliteremka hadi pwani. Tazama gari lililoshinda 1954, mikononi mwa D. P. Marwaha na Vic Preston: Volkswagen, lile dogo la mgongo wa kobe. Likashinda tena 1957 na 1962. Gari hilo halikuwa na rejeta. Injini yake ililala nyuma, silinda nne zikitazamana mbili kwa mbili, na feni ikazipulizia upepo. Hapakuwa na maji ya kuchemka wala bomba la kupasuka. Katika barabara za vumbi ambako maji yalikuwa mbali, gari lisilohitaji maji lilikuwa na kitu ambacho magari yenye nguvu zaidi hayakuwa nacho.

Joginder Singh, aliyeshinda 1965 kwa Volvo iliyokwisha kutumika, na tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva maarufu. Hilo si jambo dogo. Fundi akishika usukani hulisikia gari likilalamika mapema.

Turbo ikaja kubadilisha hesabu. Toyota Celica ilishinda 1984, 1985 na 1986, na tangu hapo nguvu ikawa ni ya hewa inayoshindiliwa. Kisha 1997 Colin McRae akashinda kwa Subaru Impreza, na 2000 Richard Burns akarudia. Kwa watu wa rika langu, rangi ile ya samawati na nyota za njano ndiyo iliyotuharibu. Ajabu ni kwamba injini ya Subaru imelala vilevile kama ya Volkswagen ile ya 1954, silinda nne zikitazamana mbili kwa mbili. Tofauti ni kwamba hii hupozwa kwa maji na ina turbo, na hapo ndipo penye mkasa wote.

Injini ya petroli haigeuzi moto wote kuwa mwendo. Sehemu inayofika kwenye magurudumu ni kama robo hadi theluthi ya nguvu iliyomo kwenye mafuta. Inayobaki hutoka kwa moshi, na nyingine huingia kwenye chuma, ambako lazima maji na oili ziichukue. Impreza STI ya 1996 iliandikwa farasi 280. Ikikanyagwa hadi mwisho, joto linalopaswa kuondolewa na rejeta yake ni kama la birika za umeme zaidi ya 50 zikichemka kwa pamoja. Sasa kijana anaongeza turbo kubwa, anafikia farasi 400, na rejeta ni ileile iliyotoka nayo Japani, nusu ya mapezi yamelala.

Halafu kuna hewa yenyewe. Ukishindilia hewa ya Mombasa ya nyuzi 32 mpaka presha yake iwe maradufu, itatoka kwenye turbo ikiwa imepita nyuzi 120. Ndiyo maana kuna intakula, kipozeo cha hewa kabla haijaingia kwenye silinda. Katika Subaru nyingi kimewekwa juu ya injini, chini ya lile tundu la boneti. Gari likikimbia, upepo unaingia, kazi inafanyika. Likisimama foleni darajani dakika arobaini, kipozeo kinageuka kikaango, kinapashwa na injini iliyo chini yake. Foleni ikifunguka kijana anakanyaga. Hewa ya moto inaingia, petroli inalipuka kabla ya wakati wake, pistoni inagongwa, na kile kiukuta chembamba kinachoshika ringi kinavunjika. Injini hizi zilitengenezwa zikitarajia petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo kwa kawaida huuzwa ikiwa na okteni 100. Ya pampu zetu iko chini ya hapo.

Unyevu nao hulaumiwa sana, lakini unyevu hautusumbui sisi na rejeta kwa namna moja. Mwanadamu huteseka Mombasa kwa sababu jasho halikauki. Rejeta haitoi jasho. Inachotaka ni upepo mwingi upite kwenye mapezi yake, na tofauti ya kutosha kati ya joto la maji na joto la hewa. Kinachofaa kuogopwa zaidi ni gari lililorekebishiwa kompyuta Nairobi. Kule juu, karibu mita 1,700, hewa ni nyepesi. Presha ileile ya turbo ukiiteremsha hadi usawa wa bahari, kwenye silinda inaingia hewa zaidi kwa karibu sehemu moja ya kumi, nayo ni ya moto kuliko ile ya bara. Gari lililokuwa salama Thika Road linafika Kengeleni likiwa gari jingine, na mwenyewe hana habari.

Sasa tuje kwenye makosa yetu wenyewe. La kwanza ni themostati. Kwa miaka mingi fundi wa pwani akifungua injini alikuwa akiing'oa na kuitupa, ati huku ni joto, haihitajiki. Baba zetu walifanya hivyo kwenye malori na Peugeot, na magari yale ya zamani yaliwasamehe. Lakini katika injini nyingi za kisasa themostati si kizuizi tu. Ikifunguka, hufunga ile njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto inazunguka tu bila kupozwa. Umeondoa kitu ili injini ipoe, ukaifanya ichemke.

La pili ni lehemu. Rejeta za zamani zilikuwa za shaba, na mtu wa lehemu alikuwa na heshima yake mtaani: moto, kipande cha risasi na bati, mkono uliotulia, na tundu limezibwa kabla ya adhuhuri. Za leo ni alumini iliyobanwa kwenye vichwa vya plastiki. Lehemu ile haishiki. Plastiki ikichoka inapasuka, na kinachotumika kuziba ni gundi na dua. Ufundi mzima ulikufa bila mtu kuuzika, na nafikiri ndio hasara kubwa kuliko zote nilizozitaja.

La tatu ni maji, na hili ni letu hasa watu wa Kisauni. Mji huu unanyweshwa kutoka mbali, Mzima kule Tsavo na Baricho kwenye mto Sabaki, na mifereji ikikauka tunarudi kwenye visima na mikokoteni ya mitungi ya lita 20. Visima vingi vya huku ni vya chumvi. Sabuni haitoi povu, chai ina ladha yake. Maji hayo yakimiminwa kwenye injini ya alumini yanaanza kuila kimyakimya, yanaacha utando mweupe kwenye vijia vyembamba vya rejeta, yanatafuna ukingo pale gasketi inapokaa. Mwenye gari ataona miezi mingi baadaye, gasketi ikishindwa, na atalaumu turbo.

Fundi anayejua huanza upande wa pili. Kabla ya kuzungumza farasi anauliza maji gani yamo. Anasafisha mfumo, anatia kulanti iliyochanganywa na maji safi yasiyo na chumvi, yale ya kuongezea betri, na anatoa hewa polepole, maana Subaru ina tabia ya kuficha povu la hewa kwenye hedi, na palipo na povu maji hayagusi chuma. Anakagua mfuniko wa rejeta. Watu hudharau mfuniko, kumbe presha yake ndiyo inayozuia maji yasichemke kwenye nyuzi 100 na kuyafikisha karibu 120. Anarudisha plastiki inayoelekeza upepo, ile iliyotupwa kwa sababu ilisumbua kufungua bampa. Anaongeza kipozeo cha oili. Hapo ndipo anafika kwenye bloku yenye kuta zilizozibwa juu na pistoni za kufuliwa, na mwisho kabisa kompyuta, akiirekebisha hapahapa usawa wa bahari.

Kazi hiyo haina sauti wala haionekani kwenye picha, na bei yake humkimbiza mteja. Kijana atalipia mlio wa ekzosi siku hiyohiyo. Kulanti ataiona ghali. Nje ya gereji mkokoteni umesimama kivulini, mitungi kumi imejaa, na mwenye maji anasubiri aitwe.