UZI: "Vita vya Dunia vilikuwa vya Wazungu, sisi vilituhusu nini?"

1/ Mjadala wa fidia za ukoloni ukianza humu, hazipiti dakika kumi kabla mtu hajaandika hayo maneno. Mimi nasoma sayansi ya siasa, nakaa Buxton, na swali hili nalisikia hata barazani. Leo tulijibu kwa historia. Sitaji chama wala mwanasiasa, kwa hivyo msinitafutie ugomvi.

2/ Agosti 1914. Mpaka wa Mwingereza na Mjerumani hauko Ulaya peke yake, uko pia hapa Vanga na Taveta. Katikati ya mwezi huo Mjerumani ameshaiteka Taveta. Anachokitolea macho ni reli ya kutoka Mombasa kwenda Ziwa Victoria. Ukiikata, Nairobi inakosa mzigo.

3/ Siku zile zile Wagiriama wako kwenye vita vyao na serikali ya kikoloni. Mekatilili wa Menza amekamatwa kwa mara ya pili, kaya imelipuliwa kwa baruti, nyumba zinachomwa. Walipozidiwa nguvu, wakapigwa faini ya pesa na kutakiwa kutoa wanaume 1,000 wa kwenda kubeba mizigo ya vita. Kwa hivyo "havikutuhusu" imeanza kuyumba mapema.

4/ Tanga, Novemba 1914. Mwingereza aleta kikosi cha watu kama 8,000 kutoka India. Mjerumani, chini ya Lettow-Vorbeck, ana kama 1,000, na wengi wao ni askari Waafrika. Mwingereza akapigwa vibaya sana, akaacha bunduki na risasi laki kadhaa ufuoni, akarudi Mombasa. Watu hupenda kusimulia habari ya nyuki waliowavamia wapiganaji. Nyuki walikuwepo, ila kilichomuangusha ni dharau: alishuka bila kujua mbele kuna nini.

5/ Sasa njooni Jasin, hapo karibu na Vanga, Januari 1915. Haitajwi sana lakini kwangu mimi ndio iliyogeuza vita. Mjerumani alishinda, ngome ikasalimu amri. Lakini alimaliza risasi kama laki 2 na kupoteza maafisa aliowategemea. Lettow-Vorbeck akapiga hesabu: ushindi kama huo angeweza kuumudu mara tatu tu zaidi, basi.

6/ Ndo akabadilisha mbinu. Badala ya kupigana uso kwa uso, atashambulia reli, atakimbia, atawaburura adui zake porini wasiende kupigana Ulaya. Hakuhitaji kushinda. Alihitaji vita visiishe.

7/ Na vita visivyoisha vinataka chakula. 1916 Waingereza na Wasauzi wakavuka Taveta, wakasukuma kusini hadi wakaishika reli ya kati ya Tanganyika. Huko mbung'o wakaua farasi na ng'ombe. Lori zikazama kwenye tope la masika. Kilichobaki ni kichwa na mabega ya mtu.

8/ Fanyeni hesabu nami. Tuseme mpagazi amebeba kilo 25 za unga na anakula kilo moja kwa siku. Akienda siku 10 na kurudi siku 10, amekula kilo 20. Askari wa mbele wamepata kilo 5. Kila jeshi linaposonga mbele, wapagazi wanazidi, na chakula kinachofika kinapungua. Manake ushindi wa kwenye ramani ulikuwa unaliwa njiani.

9/ Oktoba 1917, Mahiwa, kusini mwa Tanganyika. Siku nne, upande wa Mwingereza ukapoteza zaidi ya watu 2,000, waliokufa na waliojeruhiwa. Lettow-Vorbeck akavuka kuingia Msumbiji. Alisalimu amri tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza, pale Abercorn, siku hizi Mbala, Zambia.

10/ Upande wa Mwingereza ulitumia wapagazi wanaokaribia milioni moja katika vita hivi vya Afrika Mashariki. Vifo vilivyoandikwa ni kama 95,000, na wanahistoria wengi wanaamini ni zaidi. Wengi hawakufa kwa risasi. Ni kuhara damu, malaria, nimonia, njaa. Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar zimepata majina kutoka kwa hicho kikosi cha wapagazi.

11/ Waliorudi walikuta nini? Sheria ya kipande, iliyopitishwa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya vita: mwanamume Mwafrika atembee na alama za vidole shingoni. Maaskari wa Kizungu wakagawiwa ardhi bara. 1920 Kenya ikawa koloni, isipokuwa ukanda wetu wa pwani, uliobaki kwa jina chini ya Sultani wa Zanzibar. Mijadala yetu ya vitambulisho na mashamba haikuzuka jana.

12/ Nendeni Barabara ya Jomo Kenyatta, pale kwenye sanamu ya askari. Ni ukumbusho wao, matatu zinapita kila dakika. Hamtaona jina hata moja la aliyekufa. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na pengine hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi.

13/ Kwa hivyo mtu akikuambia vita vilikuwa vya Wazungu, mkubalie nusu. Sababu zilikuwa zao. Miguu ilikuwa yetu. Kuhusu fidia, mnaweza kubishana: apewe nani, kiasi gani, miaka mia ishapita. Huo ni mjadala halali. Ila kusema hatukuwepo si hoja, ni kuwazika watu mara ya pili.

14/ Kama kwenu kuna habari ya babu aliyechukuliwa kubeba mizigo, awe alirudi au hakurudi, muulizeni mzee aliyebaki. Kisha andikeni hapa chini jina la babu huyo na kijiji chake. Nitaanza kuyapanga.